Pingu za Mtani

Msomaji wangu, kama wiki iliyopita gazeti lilikupita, usihangaike kuligombea kwa jirani, maana kishafungia vitumbua. Tulimwacha Mwanaima Likwata pale Mtama, amesimama kwenye baraza ya duka la Fatehali, mbele ya chumba ambacho Kamati ya Kuhamia Vijijini imekipanga na kukifanya ofisi. Landrova imefunga breki, vumbi limetanda, mlango wa nyuma unafunguliwa. Nani anashuka?

Abdala! Mzee Abdala, mtani wa ukoo wao, anashuka na pingu mikononi.

"Mke wangu!" akapaza sauti kwa utani wao wa siku zote mara alipomwona. "Harusi gani hii? Bangili nimevishwa mimi!"

Askari aliyemshika bega akacheka kidogo, kisha akakumbuka mshahara wake akakunja uso. Mwanaima hakucheka. Siku nyingine angemjibu kwamba bwana harusi asiye na meno havishwi bangili, anavishwa bibu kama mtoto, na mzee angelirudia jibu hilo kijiji kizima. Leo macho yake yaliishia kwenye pingu.

Kwa wewe uliyedandia hadithi hii njiani, nikueleze upesi. Mwanaima yuko mwaka wa pili Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Anasoma siasa na saikolojia, vyote viwili kwa mpigo. Asubuhi anafundishwa jinsi watu wanavyotawaliwa, mchana anafundishwa jinsi nafsi ya mtu inavyofanya kazi. Baba yake, Mzee Likwata, akiulizwa na wenzake kule Namihoro binti yake anasomea nini, hujibu: "Anasomea serikali na wazimu. Anasema ni vitu viwili."

Likizo hii alirudi kwao kufanya utafiti. Kwa nini wananchi wa Namihoro wanasitasita kuhamia kijiji cha ujamaa? Jumatatu Kamati ikamwita aeleze alichokiona, naye akaeleza, maskini, kwa nia safi kabisa. Alitaka wajumbe waelewe uchungu wa mtu anayeambiwa aache mikorosho yake ikiwa imechanua. Alitaka watu wapewe muda mpaka wavune. Akatafuta mfano wa kuwagusa wajumbe, akauokota msibani kwa bibi yake.

Huko kwao msiba bila mtani haujakamilika. Mtani ndiye anayeshika jembe la kaburi, na ni haki yake kumdhihaki maiti na wafiwa mpaka kilio kigeuke kicheko, wala hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Basi siku ya kumzika bibi, Abdala alivaa kofia ya kaki ya kuazima, akasimama ndani ya kaburi, akatoa amri. "Wewe bibi! Nani kakuruhusu kulala peke yako porini? Sera ni kuishi pamoja! Nakupa mpaka Jumamosi uwe umehama!"

Watu wakashika mbavu. Abdala, kwa kunogewa, akaongeza: "Na Katibu wa Kamati nikimtia mkononi namlaza hapa hapa, miguuni kwa bibi, waanzishe kijiji!"

Mwanaima aliwasimulia wajumbe yote hayo, na kofia ya kaki akaitaja. Kisha akafafanua kisomi. "Ndugu wajumbe, mzaha si mchezo. Mtu akiogopa kusema waziwazi, nafsi yake husema kwa njia ya mzaha. Mzaha ni hasira iliyojifunika shuka." Wajumbe wakapiga makofi. Katibu wa Kamati, Ndugu Maftaha, alipiga makofi kuwashinda wote, na ndiye huyohuyo aliyetajwa kaburini.

Sasa unajua ninachokijua mimi. Twende.

Mwanaima aliingia ofisini bila kubisha hodi.

"Shikamoo, Ndugu Katibu."

"Marahaba, msomi wetu. Karibu kiti. Chai?"

"Ndugu Katibu, yule mzee kafanya nini?"

"Unaniuliza mimi?" Maftaha alishangaa kweli, si kwa kujitia. Alikuwa mtu wa makamo, mpole wa sauti, mwenye macho ya mtu anayelala kwa vipande. Wenzake wa tarafa nyingine walikwisha kuhamisha watu wao. Yeye Namihoro ilikuwa imemkwama kooni, na wakubwa walimuuliza kila siku kulikoni. "Katishia kumuua kiongozi mbele ya umati. Wewe ndiye uliyetufungua macho."

"Ulikuwa utani!"

"Ndivyo ulivyosema. Na ukatueleza utani ni nini."

Mwanaima alihisi kiti kinazama chini yake. Akajikaza. Kwanza alikimbilia siasa. Akaeleza kwamba watani wako nchi nzima, kwamba makabila haya yaliwahi kupigana zamani, yakapatana, na mapatano yao ndiyo hayo matusi yasiyo na uchungu. Hata Katibu mwenyewe huko kwao lazima ana watani. "Samahani, Ndugu, wewe ni kabila gani?"

Maftaha aliweka kikombe chini taratibu.

"Umeniuliza nini?"

"Nimeuliza..."

"Katika ofisi ya Kamati, mwaka huu wa sabini na nne, msomi aliyesomeshwa kwa jasho la wakulima ananiuliza kabila langu." Hakupandisha sauti. "Nitajifanya sikusikia. Endelea."

Siasa ikawa imemfunga mguu mmoja. Akahamia saikolojia.

"Basi nilikosea," alisema. "Ile nadharia ya hasira iliyojifunika shuka, imeandikwa na watu wa mbali wasiojua mambo yetu. Haimhusu Abdala. Nilitaka kuonekana najua. Naifuta."

Mnaoipenda elimu mtajua ilivyo kazi kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili kutamka maneno hayo. Mwanaima aliyatamka bila kumeza mate.

Maftaha alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomtisha binti zaidi.

"Jumatatu hukuwa na mtu wa kumtetea, ukasema kweli. Leo mtu wa kwenu yuko ndani ya pingu, unasema ulikosea. Mwanangu, wewe ndiye unayesoma nafsi za watu. Hebu niambie, mtu akibadili maneno namna hiyo, ni siku gani alikuwa anasema kweli?"

Swali lilikuwa zuri, tena lilikuwa la Mwanaima mwenyewe. Ndivyo hasa alivyofundishwa kuuliza.

Nje, mbele ya duka, lori la ushirika lilikuwa linapakia magunia ya ufuta. Likijaa litakwenda Lindi, na Abdala juu yake. Akifika Lindi atakabidhiwa wengine, na hao wengine hawajawahi kusikia habari za Namihoro wala za bibi. Watasikia neno moja tu, kuua. Mwanaima aliwahi kusoma kuhusu watu wanaowekwa kizuizini. Alijua kuingia ni rahisi, na hakuna anayejua hesabu ya kutoka.

Akatoka barazani kupumua. Abdala alikuwa amekalishwa chini karibu na mizani. Zehrabai, mke wa Fatehali, alikuwa anamnywesha maji kwa kikombe cha bati, maana mikono ya mzee haikuweza kuinuka vizuri.

"Mama, nimeyanywa au yameninywa?" Abdala alimtania. "Maana mimi sijahisi kitu, koo limetangulia kuhama."

Zehrabai alitabasamu kwa woga, akamgeukia Mwanaima, akamnong'oneza: "Binti, sema kidogo. Hawa wakikusikiliza vizuri ndiyo hatari."

"Mzee Abdala," Mwanaima alichuchumaa, "nakuomba leo usitanie. Mbele ya Katibu kaa kimya, sema samahani, basi."

"Samahani ya nini?"

"Ya kaburini."

Mzee alimkazia macho. "Mke wangu, nilimzika bibi yako vibaya?"

"Hapana. Ulimzika vizuri."

"Basi nisiombe radhi kwa hilo. Nikiomba radhi kwa hilo, nani atanizika mimi?"

Mwanaima akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Ndipo akasikia sauti za watu barabarani, wengi, wanakuja kwa kelele. Akainuka. Moyo ukamruka kwa furaha. Namihoro ilikuwa imefika!

Walikuwa wametembea tangu alfajiri, wanaume kwa wanawake. Mbele yao alitangulia Mzee Likwata, baba yake, kofia ya kitambaa kichwani na fimbo mkononi. Nyuma kabisa alikuja Mboni, mke wa Abdala, amejitanda kanga hadi puani. Mwanaima alirudi mbio ofisini.

"Ndugu Katibu, usinisikilize mimi! Wananchi wenyewe wamekuja. Wafiwa wenyewe. Yule pale ni baba yangu, bibi aliyezikwa ni mama yake mzazi. Kama kuna mtu wa kukasirika ni yeye. Wasikilize hao!"

Maftaha alikubali mara moja. "Hilo ndilo ninalolitaka siku zote. Sauti ya wananchi." Akafungua dirisha wazi, akasimama hapo mikono nyuma.

Msomaji, shika kiti.

"Katibu!" Mzee Likwata alinguruma kutoka barabarani. "Pingu gani hizo ndogo? Huyo ni wa kufungwa kamba ya ng'ombe! Mpeleke mbali kijiji kipumue!"

"Mnyongeni kabisa!" mama mmoja akadakia. "Kala wali wa misiba yote, hata ya watu ambao hawajafa!"

"Mwizi wa sanda!"

"Mkimrudisha tunawadai fidia!"

Wewe ambaye kwenu mambo haya yamekwisha huenda unashangaa. Mtani haombewi. Kumwombea mtani kwa machozi ni kumwambia kwamba tangu leo umekuwa mgeni, tunakuonea huruma kama tunavyomwonea huruma mpita njia. Mtani akipatwa na janga anafuatwa huko huko aliko, anatukanwa kwa nguvu zote, na hapo moyo wake unatulia kwa kuwa anajua hajatupwa. Watu wa Namihoro waliacha mashamba, wakatembea na jua lao, ili wamtukane Abdala kwa mapenzi yao yote.

Na Abdala aliyapokea! Uso ulimchanua pale chini karibu na mizani. "Ndio watu wangu hao!" alimwambia askari. "Unawasikia? Ndio wangu!"

Mboni peke yake hakutukana. Mke si mtani. Alisimama kando ya lori, ameyakazia macho magunia yanayopakiwa.

Maftaha aligeuka kutoka dirishani. Alionekana kama aliyetuliwa mzigo.

"Nilikuwa na wasiwasi, nikuambie kweli. Usiku nilijiuliza kama namwonea mzee wa watu. Sasa wananchi wamesema."

"Wanampenda, Ndugu Katibu!" Mwanaima alipiga kelele. "Hivyo ndivyo wanavyompenda!"

"Na kama wangekuwa wanamchukia, wangesema nini?"

Mwanaima alitafuta jibu. Alilitafuta kwenye siasa, akalitafuta kwenye saikolojia, akalitafuta katika yote aliyoyajua tangu alipokuwa mtoto anacheza michanga Namihoro. Wangemchukia wangenyamaza. Wasingekuja. Lakini utamthibitishiaje mtu jambo kwa watu ambao wasingekuja? Alijiona hana faida yoyote duniani.

Akatoka nje kwa kukimbia, akamshika baba yake mkono.

"Baba, acheni! Mwombeeni!"

"Nimwombee?" Mzee Likwata alicheka. "Kwani amekufa?"

"Baba, hawaelewi. Katibu si mtu wa huku. Mnachosema anakishika kama kilivyo. Mmemhukumu nyinyi. Lori likijaa linaondoka naye, na mimi ndiye niliyemponza."

"Wewe?"

"Nilisimulia ya kaburini. Niliwaambia utani ni hasira."

Mzee Likwata alimwangalia binti yake kwa muda mrefu. Hakumgombeza. Angemgombeza, Mwanaima angepata nafuu. Alimwangalia jinsi mtu anavyomwangalia mtoto aliyevunja kitu ambacho hakina fundi. Kisha akalitazama lori. Wapagazi walikuwa wanainua magunia ya mwisho.

Akavua kofia, akaikunja, akamkabidhi Mwanaima fimbo. Akaenda mpaka chini ya dirisha la ofisi, na mbele ya watu wote, mbele ya Fatehali na mkewe na wapita njia wa Mtama, akapiga magoti.

"Ndugu Katibu," alisema kwa sauti ndogo. "Nakuomba. Huyu ni mtu wangu. Nisaidie."

Watu wa barabarani wakasogea nyuma.

Sauti ikatoka kwenye mizani. "Likwata!" Abdala alikuwa anajaribu kuinuka, askari anamsukuma chini. "Likwata, inuka! Usinifanyie hivyo! Nitukane! Nitukane, ndugu yangu, mbona unaniombea?"

Asubuhi nzima mzee yule alikuwa hajaogopa. Alitolewa nyumbani kwa pingu akacheka, akarushwa ndani ya landrova akacheka. Alipomwona mtani wake amepiga magoti ndipo alipojua kwamba anakwenda kweli. Alianza kulia kama mtoto, na Mboni naye akaangua kilio, na wale mama waliokuwa wanasema anyongwe wakajifunika nyuso.

Maftaha alishuhudia yote hayo pale dirishani. Mikono ilimtoka nyuma, akashika fremu ya dirisha. Mwanaima aliona hivyo, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alipata tumaini kidogo.

"Mzee, inuka," Katibu alisema taratibu. "Umeniambia nimfunge kamba ya ng'ombe. Sasa umepiga magoti. Kati ya haya mawili, lipi la kweli?"

Mzee Likwata aliwaza. Alikuwa mtu mkweli, hilo mlikwisha kuliona tangu mwanzo wa hadithi hii, na ukweli haukuwahi kumfaa.

"Yote mawili, Ndugu Katibu," alijibu.

Maftaha alifumba macho. Kisha akamwita Mwanaima ndani, akafunga dirisha kwa komeo, na hata kelele za watu zikawa ndogo. Hakurudi nyuma ya meza. Alikaa kwenye kiti cha wageni, karibu naye, goti kwa goti.

"Mwanangu, nimekuamini," alisema. "Sina shaka tena. Yule mzee hawezi kuua hata kuku wa idi. Nikitaka namfungua sasa hivi, akalale kwake."

"Mungu akubariki, Ndugu Katibu!"

"Ngoja. Nikimfungua, mimi nitawaambia nini wakubwa? Hawaniulizi habari za Abdala. Wananiuliza kwa nini Namihoro haihami. Nimelifikiria neno lako jingine la Jumatatu, ambalo siku ile halikuniingia. Ulisema mzaha hausemwi na mtu mmoja. Anayesema ni mdomo tu. Ulisema hasira iko kwa wale wanaocheka."

Mwanaima alikumbuka. Alilisema. Alilisema kwa fahari, na mjumbe mmoja alimwomba alirudie.

"Sasa mdomo nauachia," Maftaha aliendelea kwa upole uleule. "Nipe waliocheka. Niambie tu, kwa jina, hapa tulipo, mimi na wewe. Hao ndio wanaoizuia Namihoro. Wakiondoka wachache hao, wengine watahama kwa amani, bila nyumba kuchomwa, bila mtu kuguswa. Si ndicho ulichokitaka, watu wasiumie? Abdala kwa hao. Ukikataa, Abdala anapanda lori, na mimi nitawatafuta mwenyewe kwa njia nyingine."

Walicheka wote. Kijiji kizima kilicheka. Mboni alicheka, imamu alicheka akajifanya anakohoa, na Mwanaima mwenyewe alicheka mpaka akamwegemea shangazi yake.

Katibu aliinuka, akachungulia kwenye upenyo wa dirisha. Mzee Likwata alikuwa bado yuko chini, kichwa wazi juani, magoti mchangani.

"Tuanze na yule pale," alisema. "Baba yako. Siku ile kaburini, alicheka?"

Alicheka kuliko wote. Tangu usiku wa kufiwa alikuwa hajala wala hajasema, watu walianza kuogopa kwamba atamfuata mama yake, na kicheko kile ndicho kilichompa nguvu ya kuushika mwili na kuushusha. Mwanaima alikuwa amesimama karibu yake, alikisikia kinavyotoka.

"Nakusubiri, msomi," alisema Katibu.

Nje, dereva aliwasha lori.